Barua ya wazi kwa viongozi wa Klabu ya Melbourne: nani alihesabu?

Dandenong, Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti, wajumbe wa Bodi, Mtendaji Mkuu na wote wenye dhamana ya Klabu ya Mpira ya Melbourne,

Waheshimiwa,

Mimi ni mwanachama wenu. Kadi nimeilipia kila mwaka tangu 2018, hata mwaka ule tuliofungiwa ndani na uwanjani hakuingia mtu. Nimezaliwa Tanga, naishi Dandenong, kitongoji cha Melbourne, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee, zamu za usiku. Barua hii nimeiandika kwanza kwa Kiswahili kwa sababu uchungu nilio nao unasema Kiswahili, na kwa sababu wapo Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi katika mji huu ambao watoto wao wanaucheza mpira wenu wa Kiaustralia shuleni huku wazazi bado wanauliza huo ni mchezo gani. Nakala ya Kiingereza nitaiandika mwenyewe na mtaipata kwa posta.

Jumapili ya tarehe 27 Julai nilikuwa Docklands, kwenye uwanja ule wenye paa, pamoja na mwanangu wa miaka 11. Nilitoka kazini asubuhi, nikalala saa tatu, nikaamka nikampikia chapati, tukapanda treni. Robo ya tatu ilipokwisha tulikuwa tunaiongoza St Kilda kwa pointi 46. Watu wa safu ya mbele yetu walishaanza kukunja blanketi zao. Mwanangu alitaka twende tukanunue viazi, nami nikamwambia subiri, tutanunua tukitoka, tukiwa na furaha.

Hatukununua viazi.

Ndugu zangu wasioujua mchezo huu naomba niwaeleze kidogo, kisha nirudi kwa waheshimiwa. Uwanja ni duara la yai, timu ina watu 18, na milingoti ni minne kila upande. Ukipiga mpira ukapita kati ya ile miwili mirefu ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya mrefu na mfupi, unapewa pointi 1 ya kufutia machozi. Mpira uliopigwa na mguu ukiudaka safi angani, mchezo unasimama na unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Na ukiwa umeshadaka kisha king'ora cha mwisho kikalia, bado unapiga. Hilo la mwisho lishikeni, maana ndilo lililotumaliza.

Basi robo ya nne ikaanza na St Kilda wakaja. Goli, goli, goli lingine. Mtu asiyekuwepo anaweza kudhani timu yetu ilikata tamaa, lakini vijana walikuwa wanakimbia. Kilichopotea ni utulivu. Mpira ukifika kwetu tunautupa mbele bila kuangalia, nao wanaudaka, wanarudi nao. Pointi 46 zikawa 30, zikawa 20, zikawa 6. Nasiah Wanganeen-Milera, kijana ambaye siku hiyo hakuna mtu wetu aliyemuweza, akasawazisha. Kwenye saa zilibaki sekunde zisizofika kumi.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, waheshimiwa.

Baada ya kila goli mpira unarudi katikati. Tangu 2019 ligi imeweka kanuni kwamba kabla refa hajaudundisha mpira kila timu lazima ijigawe sita, sita na sita: sita kwenye eneo la ulinzi, sita katikati, sita kwenye eneo la ushambuliaji. Ukikosea mara ya kwanza unaonywa. Ukikosea tena katika mechi hiyo hiyo, mpinzani anapewa mpira wa adhabu pale pale katikati. Ni kanuni ambayo mtoto anaielewa. Wangu anaielewa.

Tulishaonywa. Matokeo yalikuwa sare, saa imesimama, muda uliobaki ni wa kuvuta pumzi mbili, na sisi tukashindwa kujipanga sita, sita na sita. Kipenga kikalia. Mpira wa adhabu, wakaupiga mbele, Wanganeen-Milera akaudaka, king'ora kikalia akiwa nao mkononi, akapiga. Goli. Tukafungwa kwa pointi 6. Tangu ligi hii ianze mwaka 1897 hakuna timu iliyowahi kuingia robo ya mwisho ikiwa nyuma kwa pointi nyingi kiasi hicho na ikashinda. Sasa ipo, na iliyofungwa ni sisi.

Sina kinyongo na St Kilda. Ni watu waliobeba kombe moja tu katika maisha yao yote, mwaka 1966, kwa tofauti ya pointi moja, na wamekaa kwenye timu yao miaka yote hiyo. Jioni ile kina mama wa jezi nyekundu, nyeupe na nyeusi walikuwa wanalia kwenye ngazi, na mmoja alimshika mwanangu bega akamwambia pole. Walistahili. Hasira yangu haiwahusu.

Hasira yangu inahusu kuhesabu.

Kuna mzee niliyemhudumia kwa miaka mingi, ambaye ndiye aliyenifundisha mpira huu. Sitamtaja, familia yake ipo. Mwaka 1964 alikuwa kijana wa miaka 19, akasimama MCG, uwanja mkubwa wa mji huu, akaona Melbourne ikiifunga Collingwood kwa pointi 4 na kubeba kombe. Alinisimulia goli la ushindi labda mara mia: lilifungwa na Neil Crompton, beki, mtu ambaye kwa kawaida asingekuwa kabisa kwenye lango la wapinzani, ila alikuwa anamfuata mtu wake, mpira ukamwangukia, akapiga. Kila akifika hapo mzee alikuwa anainua mkono kutoka kwenye blanketi na kuonyesha mahali Crompton aliposimama, kana kwamba ukuta wa chumba chake ndio uwanja.

Baada ya hapo alisubiri miaka 57. Alinieleza kuhusu Norm Smith, kocha aliyebeba makombe sita na klabu hii, ambaye Bodi ya wakati huo ilimfukuza Julai 1965 katikati ya msimu, kisha ikamrudisha siku chache baadaye, na kombe halikuonekana tena. Watu wengi waliiita laana. Mzee hakupenda neno hilo. Alisema laana ni jina ambalo viongozi wanaupa uzembe wao ili usiwe na mwenyewe.

Kanuni ya sita, sita na sita ilipokuja hakuipenda. Lakini aliiheshimu kuliko wengine wote ninaowajua. Kila baada ya goli, la kwetu au la wenzetu, alikuwa anaielekezea televisheni kidole na kuhesabu kwa sauti. Mkono ulikuwa unatetemeka, kidole kinarukaruka, lakini hesabu haikukosea. Nami nikazoea. Nikawa nikiingia na dawa zake, kama kuna goli limefungwa, nasimama mlangoni na trei nahesabu naye mpaka refa adundishe, ndipo nampa kidonge.

Septemba 2021 wageni hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya korona. Fainali ilichezwa Perth, kilomita elfu kadhaa kutoka hapa, na mji wote wa Melbourne tuko majumbani. Wanawe walikuwa kwenye simu, mimi nilikuwa naye chumbani na barakoa yangu. Tulitanguliwa na Western Bulldogs kwa pointi 19 katika robo ya tatu, naye akaacha kuhesabu, akafumba macho. Kisha magoli yakaanza kumiminika upande wetu, akafumbua macho, akahesabu tena mpaka mwisho. Tulishinda 140 kwa 66. Alinishika mkono akasema, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, asante. Alifariki katika baridi ya 2023, na familia yake ikanipa skafu yake. Ndiyo niliyoivaa Docklands.

Kwa hiyo mnielewe. Sekunde zile, saa ikiwa imesimama na uwanja mzima unapiga kelele, mimi na mwanangu tulikuwa tumesimama tunahesabu. Mimi nahesabu upande wa mbali, yeye upande wa karibu, kama tufanyavyo siku zote. Sikufika mwisho. Kipenga kililia nikiwa kwenye nne. Mwanangu akanigeukia na macho makubwa akaniuliza, "Mama, kwani wao hawakuhesabu?"

Hilo ndilo swali ninalowaletea. Nimejaribu kulijibu tangu siku hiyo nimeshindwa.

Najua mtaniambia uwanja ulikuwa na kelele. Ndiyo, ulikuwa nayo. Mtaniambia wachezaji walichoka, na nawaamini, niliwaona wameinama wameshika magoti. Lakini mtu aliyechoka ndiye hasa anayehitaji mwingine wa kumhesabia. Kwenye chumba cha makocha kuna watu, wana simu na skrini. Kwenye benchi kuna watu. Nyuma kuna mabeki wakongwe wanaouona uwanja wote. Kati ya hao wote, ni nani ambaye kazi yake, iliyoandikwa, ni kuhakikisha kwamba baada ya kuonywa hatukosei tena? Kama yupo, ilikuwaje? Kama hayupo, kwa nini hayupo, miaka sita baada ya kanuni kuanza? Kazini kwetu dawa kali haipewi mgonjwa bila watu wawili kuisoma chupa kwa sauti, hata saa tisa usiku, hata kama wote wawili tunaijua kama majina yetu. Tunafanya hivyo kwa sababu kuna siku mtu amechoka.

Na si mara ya kwanza. Ninyi mnaijua historia kuliko mimi, lakini naomba niiseme kwa ajili ya mwanangu. Septemba 1987, nusu fainali dhidi ya Hawthorn, klabu hii ilikuwa imebakiza sekunde tu kuingia fainali yake ya kwanza tangu 1964. Jim Stynes, kijana kutoka Ireland, akakatiza mbele ya Gary Buckenara wa Hawthorn aliyekuwa anajiandaa kupiga, mahali ambapo kanuni inakataza kupita. Refa akamsogeza Buckenara mita 15 karibu na lango. King'ora kikalia, akapiga, ikawa goli, tukafungwa kwa pointi 2. Ni kosa lile lile la mwili kuwa mahali ambapo kanuni haiutaki, na mpira ukapigwa king'ora kikiwa kimeshalia.

Tofauti ni yale yaliyofuata. Stynes hakujificha. Alilibeba kosa lake hadharani, akarudi kucheza, mwaka 1991 akashinda Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, akacheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja. Klabu ilipokaribia kuzama kwenye madeni mwaka 2008 yeye ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti, akaendelea kuitumikia akiwa na saratani mwilini, na alipofariki Machi 2012 mji mzima ulisimama. Yote hayo yalianza na mtu kusema: mimi ndiye niliyepita pale.

Sasa mwaka huu. Mwanzoni mwa Agosti, hata wiki mbili hazijatimia baada ya mechi ile, mkamfukuza kocha Simon Goodwin. Ni haki yenu. Msimu tuliuanza kwa kufungwa mechi tano mfululizo, na tangu 2021 hatujashinda hata mechi moja ya mtoano: mwaka 2022 tulitolewa kwa vipigo viwili, na 2023 tukatolewa kwa pointi 7 na Collingwood na kwa pointi 2 na Carlton. Mwezi Juni mwaka huu Collingwood tena, pointi 1. Mimi si mtaalamu, na sisemi kocha alistahili kubaki. Ila huyu ndiye kocha wa kombe la 2021, mtu aliyemfumbua mzee wangu macho baada ya miaka 57, na ningependa angeagwa kwa maneno yanayolingana na hilo.

Nisichokikubali ni namna jambo lilivyofungwa. Kocha ameondoka, na sekunde zile zimeondoka naye. Watu wameshahamia kwenye nani atakuja. Ndivyo tulivyofanya 2011 pia. Tulifungwa na Geelong kwa pointi 186, na kesho yake kocha Dean Bailey akawa hana kazi. Ilichukua miaka mingi, na maumivu mengi, kabla klabu haijakubali kwamba iliyokuwa inaumwa ni nyumba nzima. Tangu 1965 kila tukiumia tunamtoa mtu mmoja nje na kufunga mlango, halafu tunaobaki ndani tunatazamana kama hakuna kilichotokea.

Naandika haya kwa sababu naipenda klabu hii, na kwa sababu najua ni klabu ya namna gani. Mchezo wote huu, na timu 18 za ligi, na watoto wanaokimbia na mpira wa yai kwenye bustani za Dandenong, ulitoka kwenu. Julai 1858 Tom Wills aliandika barua gazetini akipendekeza iundwe klabu ya mpira ili wachezaji wa kriketi wasikae bure wakati wa baridi. Ilikuwa barua tu, ya mtu mmoja, kwa yeyote atakayeisoma. Mei 1859 yeye na wenzake wachache wa Klabu ya Melbourne wakakaa hotelini jirani na uwanja na kuandika kanuni kumi. Kumi tu, kwenye karatasi. Kila kanuni iliyokuja baadaye, pamoja na hiyo ya sita, sita na sita, ni mtoto au mjukuu wa zile kumi. Klabu iliyoandika kanuni za kwanza haiwezi kufungwa kwa kutokujua kusimama kabla mpira haujadundishwa, kisha ikakaa kimya.

Ninachokiomba si kikubwa. Waiteni wanachama. Ukumbi wowote, siku yoyote nje ya zamu, hata ikiwa ndani ya zamu nitabadilishana na mwenzangu. Mtuwekee picha ya dakika ile kwenye ukuta, isimamisheni, mtuonyeshe nani alikuwa wapi na alitakiwa kuwa wapi. Mtueleze sauti ilitakiwa kutoka kwa nani na iliishia wapi. Sitaki mchezaji adhalilishwe. Baadhi yao ni vijana wa miaka 20, na nimeona wanachoandikiwa mitandaoni, na mwenye kumtukana mtoto wa mtu kwa ajili ya mpira asijihesabu kuwa mwenzangu. Nataka mtu mzima mwenye mshahara na cheo asimame aseme: kazi ya kuhesabu ilikuwa chini yangu, haikufanyika, na kuanzia sasa itafanywa hivi.

Kocha mpya atakapokuja, kabla hamjamuuliza habari za ushambuliaji na mazoezi, naomba mumuulize swali la mwanangu.

Tulirudi na treni usiku ule kutoka Southern Cross. Behewa lilikuwa limechanganyika, wa St Kilda wanaimba upande mmoja, sisi wa nyekundu na buluu tumekaa tumenyamaza. Mwanangu alilala begani kwangu kabla hatujafika Caulfield. Nikaivua skafu ya mzee nikamfunika nayo. Ina nyuzi zilizochomoka mwishoni, upande aliokuwa anaushika kila refa alipoinua mpira kuudundisha. Nilimwamsha Dandenong, akatembea mpaka nyumbani akiwa nusu usingizini, na mlangoni akaniuliza kama Jumapili ijayo tutahesabu tena.

Nilimwambia ndiyo. Kadi zetu za 2026 nitazilipia tarehe zikifunguliwa, yake na yangu. Anwani yangu mnayo kwenye daftari la wanachama. Jibu naomba mlielekeze kwake. Anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi.

Wenu katika nyekundu na buluu,

Mwanachama, Dandenong